Baba anaganda mlangoni, lakini vidole vyake vinakimbia kwenye mkeka

Shikamoo Mama Muuguzi,

Nakuandikia kutoka Tanga, saa tisa usiku. Chini ya mlango wa chumba cha pili naona mwanga wa simu. Ni baba.

Baba yangu ana miaka 66, mwalimu mstaafu wa hesabu. Miaka sita iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu, na mwandiko wake, ambao mtaa mzima ulikuwa unamletea barua awaandikie, ukawa mdogo mdogo kama wa mtu anayebana karatasi. Alipopimwa akaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, akaanzishiwa dawa iitwayo levodopa. Mwaka jana mwezi wa tatu daktari akamwongezea kidonge kingine, pramipeksoli, mara tatu kwa siku. Tulimshukuru Mungu, kwa sababu alirudi kufunga vifungo vya shati mwenyewe.

Mwezi wa sita akaanza kubeti. Mama, huyu ndiye mzee aliyetuchapa mimi na kaka tulipocheza karata za senti hamsini. Sasa anaweka mikeka kumi kwa siku, mpaka kwenye ligi za nchi ambazo hata sisi hatujui ziko wapi. Kiinua mgongo kimekwisha. Amekopa kwenye simu kwa laini tatu. Wiki iliyopita tumegundua kwamba shilingi 780,000 za chama cha kuzikana, ambacho yeye ni mweka hazina wake kwa miaka 11, hazipo. Wazee wa chama wanakuja Jumapili.

Usiku halali. Akichoka kubeti anafungua redio yake ya zamani, anapanga skrubu kwa ukubwa juu ya gazeti, anazichanganya, anazipanga tena mpaka adhana ya alfajiri. Na mama yangu ameniambia jambo ambalo naona haya kuliandika: anamsumbua usiku kama kijana aliyeoa jana, na mama ana miaka 60.

Mama yangu anaamini baba amerogwa. Ameshaleta mtaalamu aliyemwachia unga wa mizizi wa kuweka kwenye uji. Baba mdogo anasema ni tabia aliyokuwa ameificha miaka yote. Maneno yake ndiyo yanayoniuma: "Kama ni mgonjwa kweli, mbona mlangoni anakwama kama amepigiliwa misumari, lakini kwenye simu vidole vinakimbia?" Kaka yeye anasema dawa ndizo zinazomtia wazimu. Leo asubuhi amezificha zote.

Mama, baba yangu anaumwa au ndivyo alivyo? Na kaka amefanya sawa?

Binti wa Mwalimu

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hujasoma mstari mwingine, mwamshe kaka yako akupe vidonge, na baba apate dozi yake kwa saa zile zile alizozoea. Kama ameshakosa dozi za siku nzima, mpigie daktari au nenda naye hospitali kukipambazuka, ukawaeleze ni dozi ngapi zimepita. Usimpe za kufidia zote kwa pamoja. Mgonjwa wa Parkinson akikatiwa levodopa ghafla anaweza kukakamaa mwili mzima, kupata homa kali na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaua. Pramipeksoli nayo ikikatwa kwa mara moja humwachia mtu hofu, jasho, huzuni nzito na kiu kubwa ya kidonge chenyewe. Shaka ya kaka yako ina ukweli ndani yake, nitakueleza. Lakini kidonge hiki hushushwa ngazi kwa ngazi, na mkono wa kukishusha ni wa daktari.

Umeshavipata? Haya, sasa tukae tuzungumze.

Baba yako anaumwa. Alichokuwa anakifanya tangu mwezi wa sita ni madhara ya dawa yanayojulikana na kuandikwa, na nitasema hivyo mbele ya baba mdogo na mbele ya wazee wa chama bila kupepesa macho. Mtiririko wa barua yako unatosha kumshtua daktari yeyote wa mishipa ya fahamu: kidonge kipya mwezi wa tatu, kamari mwezi wa sita, kisha redio, kisha hilo la mama. Mambo hayo manne ni ya kamba moja.

Nianze na swali la baba mdogo, kwa sababu ni swali zuri, ingawa amelitumia kama fimbo.

Ubongo una njia mbili za kumfanyisha mtu jambo. Ya kwanza ni ya makusudi: unaangalia, unapima, unaamua, unafanya. Ni ya polepole na inachosha. Ya pili ni ya mazoea: ulilifanya jambo mara elfu, sasa linajiendesha lenyewe. Mkumbuke baba yako ubaoni. Alikuwa anaandika mlinganyo huku uso umewageukia wanafunzi, anakemea mmoja nyuma ya darasa, na chaki inaendelea kwenda. Mkono ule ulikuwa umeshikwa na mazoea. Kutembea, kupita mlangoni, kugeuka kitandani, yote hayo sisi tulio wazima tunayafanya kwa njia hiyo ya pili bila kuyatolea hata nusu ya wazo.

Njia zote mbili zinahitaji dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari. Daktari James Parkinson aliueleza ugonjwa huu London mwaka 1817, lakini ilichukua karibu miaka 150 kujua kinachokosekana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyokausha dopamini, wakalala kama mizoga. Akawadunga levodopa, malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakainuka. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960 huko Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake wakapima ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa huu, wakakuta dopamini imepungua vibaya.

Sasa sikiliza, maana jibu la baba mdogo liko hapa. Dopamini haipungui sawasawa kila mahali. Seli zinazoitengeneza, zilizo katika tabaka jeusi chini ya ubongo, huanza kufa zile zinazolisha sehemu ya mazoea. Upande wa malipo, unaomfanya mtu atamani, atarajie, afukuzie kitu, hubaki na dopamini yake kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo baba yako amenyang'anywa ile chaki inayojiendesha. Kila hatua anayopiga sasa anaipiga kwa makusudi, kama mtu anayejifunza kutembea akiwa na miaka 66. Ndiyo maana mwandiko ulisinyaa. Ndiyo maana anakwama mlangoni: mlango unataka mwili ubadilishe hatua wenyewe, na wenyewe hauwezi tena.

Na simu? Skrini inamwonyesha kila hatua. Kitufe cha kijani hiki, bonyeza. Namba inawaka, bonyeza. Kitu cha nje kikimwonyesha mgonjwa hatua inayofuata, ubongo unapita njia ya makusudi na kuikwepa ile ya mazoea iliyokauka, hasa akiwa na hamu kubwa ya anachokifanya. Nimekuwa muuguzi wodini miaka mingi, na mgonjwa akiganda mlangoni nilikuwa naweka kiatu changu mbele ya chake, kwa upana, namwambia, "Mzee, vuka mguu wangu." Anavuka! Mtu ambaye dakika moja kabla watoto wake wawili walikuwa wanamvuta kwa mikono bila kusogea. Hakuwa anaigiza kabla, wala hakupona nilipoweka mguu. Mwambie baba mdogo, kwa adabu zake zote, kwamba vidole vinavyokimbia na miguu inayoganda ni ugonjwa ule ule mmoja.

Sasa kidonge. Levodopa hugeuzwa kuwa dopamini. Pramipeksoli haigeuzwi, yenyewe inajifanya dopamini, inakwenda kukaa kwenye viti vya dopamini, zile sehemu za seli zinazoipokea, na kuvikalia kutwa. Na viti inavyovipenda zaidi vimejaa kule kwenye upande wa malipo. Fikiria mashamba mawili ya mfereji mmoja: la juu limekauka, la chini bado lina unyevu wake. Ukifungua maji mengi ili la juu lilowe, la chini linafurika. Shati lilipoanza kufungwa vifungo, shamba la juu lilikuwa limepata maji. Mikeka kumi kwa siku ni mafuriko ya chini.

Kuna jambo moja zaidi ambalo naomba ulisome mara mbili, kwa sababu najua mnajiuliza, "Anapoteza kila siku, kwa nini hajifunzi?"

Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akifanya kazi Uswisi, alisikiliza seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa juisi. Juisi ikija bila kutarajiwa, seli zinapiga kelele. Nyani akishazoea kwamba taa huwaka kabla ya juisi, kelele inahamia kwenye taa. Na taa ikiwaka kisha juisi isije, seli zinanyamaza ghafla. Ukimya ule ndio somo la hasara: "Ulikosea, punguza." Baadaye, mwaka 2003, kundi lake lilionyesha kwamba pale juisi inapokuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu, seli hizo hupanda taratibu wakati wote wa kusubiri. Kusubiri matokeo ya mechi ni kusubiri kwa namna hiyo hiyo.

Kidonge kinachokalia viti kutwa hakijui kunyamaza. Mkeka ukichanika, ule ukimya haufiki vizuri. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake, Marekani, waliwapa wagonjwa wa Parkinson mchezo wa kuchagua alama, nyingine zikilipa mara nyingi na nyingine mara chache. Wakiwa hawajameza dawa, walijifunza zaidi kutokana na makosa. Wakiwa wamemeza, walijifunza zaidi kutokana na ushindi. Baba yako, mwalimu wa hesabu, anaijua fika hesabu ya mikeka. Ila ile sehemu inayofanya hasara iume imetiwa ganzi, huku ushindi wa shilingi elfu kumi ukilia kama kengele ya shule.

Wala hayuko peke yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada, ulikuta kwamba kati ya wanaotumia dawa za kundi la pramipeksoli na ropiniroli, kama 17 katika kila 100 walikuwa na angalau tatizo moja kati ya haya: kamari, manunuzi yasiyozuilika, kula bila kiasi, au hamu ya tendo la ndoa iliyopita mpaka. Kwa wasiotumia walikuwa 7 hivi. Aliyewahi kucheza kamari zamani yuko hatarini zaidi, lakini linawapata hata watu ambao hawakuwahi kushika karata. Kupanga na kupangua skrubu kunajulikana pia. Madaktari wamekuta wagonjwa wakifungua saa na redio usiku kucha bila kusudi la kuzitengeneza.

Kwa hiyo kesho usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda, au piga simu, na useme kwa maneno yasiyozunguka: "Tangu aongezewe pramipeksoli anabeti bila kujizuia, halali, anapanga vitu usiku, na hamu ya tendo la ndoa imezidi." Andika miezi kwenye karatasi. Beba maboksi yote ya dawa. Usiliruke hilo la mwisho kwa sababu ya haya. Wagonjwa wengi hawasemi na madaktari wengi hawaulizi, na nyumba zinabomoka katikati ya kimya hicho. Daktari pengine atapunguza pramipeksoli kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na kurekebisha levodopa. Kwa wengi tamaa hupoa dawa inaposhuka. Miguu inaweza kuwa mizito tena, na anaweza kupita siku za wasiwasi na huzuni. Siku hizo asiachwe peke yake, na mkiona huzuni imezidi mrudisheni kwa daktari hata kama ni kesho yake.

Unga wa mizizi usimamishwe leo. Simdharau mama yako, ametafuta msaada pale alipoujua, na nchi hii ina wagonjwa wengi waliokaa miaka bila kuambiwa jina la ugonjwa wao. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta wengi wa waliokuwa na Parkinson hawajawahi kutambuliwa hospitali. Lakini kuna mimea yenye nguvu kweli. Mbegu za upupu, huu huu unaowasha, zina levodopa ndani yake kwa asili. Kama ndizo zilizosagwa kwenye unga ule, baba anaongezewa maji kwenye shamba linalofurika, na hakuna anayejua ni kiasi gani.

Mama yako aelezwe pia kwamba yale ya usiku yanatokana na kidonge kile kile, na ana haki kamili ya kukataa na kulala chumba kingine mpaka mambo yatulie. Mwambie wewe, mkiwa wawili jikoni. Asiambiwe na kaka.

Na baba aambiwe nini? Mngoje asubuhi, muda wa kama saa moja ukishapita baada ya dozi, mwili ukiwa umelegea. Wajukuu wasiwepo. Toa ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, tafuta sehemu ya madhara, mpe aisome mwenyewe. Mara nyingi kamari imetajwa humo. Mtu aliyefundisha maisha yake yote ataamini zaidi alichokisoma kuliko machozi yako. Wengi wao wamekuwa wakijichukia kimya kimya, wanadhani wameoza uzeeni, na nimeona mzee akilia kwa kugundua kwamba jambo lake lina jina. Kisha mwombe, usimpokonye: laini za simu zikae kwako kwa sasa, namba za siri zibadilishwe, pensheni ipokewe na watu wawili, na akaunti za kubeti zifungwe kwa kuwaandikia wenye kampuni. Mwachie fedha ya gazeti na kahawa mfukoni. Kumwacha mtu mzima bila hata mia ni kumvunja upya.

Jumapili msisubiri wazee wafike. Nendeni kwa mwenyekiti Ijumaa au Jumamosi, wewe na baba mdogo, na kama daktari ameshaandika barua mwende nayo. Semeni kiasi kilichopotea, semeni sababu, semeni mtalipa vipi na kwa miezi mingapi. Deni ni deni, dawa hailifuti, kwa sababu zile ni sanda za watu. Lakini wana chama wana haki ya kujua kwamba mtu waliyemwamini miaka 11 hakuwahi kuwadanganya kabla ya kidonge hiki. Baba akiweza, akabidhi daftari la hazina kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amekaa, si akiwa amesimamishwa.

Wakati dawa inashuka, nyumba nayo iandaliwe. Mlangoni asivutwe wala asisemeshwe, kwa sababu kutembea na kuzungumza kwa pamoja ni mizigo miwili kwa mtu anayetembea kwa makusudi. Nunua tepu nyeupe, bandika mistari sakafuni kukatisha njia, kuanzia upande wa ndani wa mlango mpaka nje ukumbini, avuke mmoja baada ya mwingine huku akihesabu kwa sauti. Umbali kati ya mstari na mstari uwe sawa na hatua yake ya zamani, kabla ya ugonjwa. Wewe huijui, lakini yeye anaijua. Mpe rula ya ubaoni, kama bado anayo, na umwachie apime.